Chumba Kimoja, Funguo Nne

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Pasi alikuwa na kazi yake. Alichukua sumaku iliyofungwa kwenye kamba, akaiburuta sakafuni chini ya cherehani za mama katika chumba cha mbele, kilichokuwa duka lake la ushonaji, na pini zilizoanguka jana zikairukia na kuing'ang'ania kama kupe. Kisha alifagia vipande vya vitambaa, akawasha makaa, akanyoosha sare za shule ambazo wateja wangekuja kuzichukua. Mwisho ndipo alipovaa sare yake mwenyewe, ambayo mara nyingi ilipungukiwa kifungo, maana mganga hajigangi.

Pasi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mama alimpa jina hilo kwa sababu ya tabia yake: alipata moto upesi, na akishapata, kupoa ni kazi. Ukimkanyaga leo kwa bahati mbaya, angekungoja hata mwezi mzima ili naye akukanyage.

Nyumbani waliishi watatu: mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, Pasi, aliyekuwa darasa la sita, na dada yake mkubwa, aliyekuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu. Chuo hicho kilikuwa upande wa pili wa jiji. Dada alipanda basi kukiwa bado giza, akashuka njiani, akapanda jingine, na foleni ikiwa mbaya alifika akakuta mlango wa darasa umefungwa, wenzake wanaoishi karibu wako ndani wanasoma. Jioni alirudi miguu imevimba, akala huku macho yanafumba.

"Mwanangu, kwa nini usipange chumba karibu na chuo?" mama alimuuliza siku moja.

Dada alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Mama, huko chumba cha kutosha godoro na ndoo kodi yake ni sawa na nyumba nzima huku kwetu. Na hawataki ulipe kwa mwezi. Wanataka kodi ya miezi sita mkononi, hujapewa hata ufunguo."

"Na mabweni ya chuo?"

"Tulipiga kura. Vitanda vichache, sisi tuko wengi. Mimi niliokota karatasi tupu."

Wiki ileile mama aliuza cherehani yake ya kudarizi, ile iliyokuwa ikimletea kazi nzuri kuliko nyingine zote. Pasi alipouliza mashine imekwenda wapi, mama alisema, "Chuma kinanunulika tena. Mwaka wa masomo ukipotea, hauuzwi dukani."

Mtu aliyewaonyesha chumba alikuwa dalali. Watu walimwita Funguo, kwa sababu ya kishada cha funguo kilichoning'inia kiunoni mwake na kulia chwaka-chwaka kila alipopiga hatua. Ulimsikia kabla hujamwona. Alikuwa na mabega mapana, alivaa kofia ya drafti, na kinywa chake kilijaa asali.

"Karibu, mwalimu mtarajiwa!" alimwambia dada, kisha akamgeukia Pasi. "Na wewe mdogo, wewe utakuwa nani? Rais? Usinisahau ukiingia madarakani!"

Pasi alicheka. Baadaye kicheko hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote.

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri: sakafu ya saruji isiyo na nyufa, dirisha linaloangalia uani, bomba la maji karibu na mlango. Kengele ya chuo ilisikika mpaka pale. "Leo asubuhi wamekuja wawili wanakitaka," Funguo alisema, huku akipapasa ukuta kama mtu anayemuaga rafiki. "Lakini nimewaonea huruma ninyi. Mama ameteseka, namwona usoni."

Mama akatoa bahasha. Funguo akaitia mfukoni, akampa dada ufunguo, akamwambia ahamie Jumamosi, kwani alitaka kwanza kupaka rangi.

Jumamosi walifika, dada na godoro kichwani, mama na sufuria, Pasi na taa ya kusomea. Mlangoni walimkuta kijana ameketi juu ya sanduku la bati. Kando yake alisimama msichana mwenye jiko la mafuta na mto. Kila mmoja alikuwa na ufunguo mkononi.

"Hamjambo? Mnahamia vyumba gani?" dada aliuliza kwa adabu.

"Hiki," kijana akajibu.

"Hiki," msichana naye akajibu.

Kabla hawajamaliza kutazamana, geti likalia. Akaingia msichana mwingine, jasho linamtiririka, amebeba ndoo iliyojaa vitabu. "Samahani jamani," alisema kwa furaha, "nipisheni kidogo. Mimi nahamia hapo."

Funguo nne, mlango mmoja, na hakuna hata ufunguo mmoja uliofungua.

Bibi mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, alitoka ndani akifuta miwani yake. Aliwatazama, akatazama mizigo, akaelewa kabla hajaambiwa. "Wajukuu zangu," alisema, "huyo mtu alipanga hapa mwezi mmoja tu. Jana kaondoka, nami nikabadilisha kitasa. Mimi sina dalali. Sijawahi kuwa na dalali."

Walimpigia Funguo simu. Haikupatikana. Walikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu akauliza jina lake kamili, hawakulijua. Akauliza anakoishi, hawakujua. Akaandika mistari miwili, akawaambia wakipata habari zaidi warudi.

Njiani dada alimshika mama mkono. "Mama, nakuomba, tusimwambie mtu. Mwalimu gani anaibiwa mchana kweupe kwa kuchekewa tu? Watanicheka mtaa mzima."

Basi wakalirudisha godoro nyumbani. Majirani walipouliza, mama alisema chumba kilikuwa na unyevu. Dada akarudi kwenye mabasi yake mawili, safari hii bila hata tumaini la kuyaacha.

Pasi naye alinyamaza. Lakini kunyamaza kwake kulikuwa kama kwa sufuria yenye kifuniko.

Nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, alichora ukutani kofia ya drafti kwa chaki ya mama. Chini ya kofia akachora macho mawili na mdomo mkubwa. Kila jioni alirudi nyuma hatua chache, akaurushia uso ule pini, moja baada ya nyingine. Wakati wa kurusha aliwaza atakayomtenda Funguo. Mara atamfungia chumbani na kuutupa ufunguo chooni. Mara atamvua viatu na kumtembeza juu ya pini zote za dukani. Mara atamfanya apige magoti mbele ya dada, alie, na asisamehewe.

Mama alimfuma siku moja. "Pini zangu si mishale, wewe."

"Nalenga tu, mama."

"Nakuona unavyolenga. Ukilisha hasira kila siku, itanenepa, kisha itakula na wewe."

Pasi aliufuta mchoro kwa kitambaa chenye maji. Moyoni hakufuta kitu. Jioni ileile dada alirudi na karatasi ya jaribio, alama nyekundu, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu aanze shule. Alikuwa amechelewa tena, akapewa nusu ya muda. Alikwenda kulala bila kula. Pasi akalala akisaga meno.

Haikupita wiki, mama alimtuma sokoni kununua nyuzi na zipu. Soko lilikuwa limefurika. Mwuza mitumba alikuwa amesimama juu ya meza, kipaza sauti mdomoni: "Chagua, vaa, ondoka! Nguo ya harusi bei ya kitambaa cha deki!" Pasi alikuwa akichagua zipu aliposikia nyuma yake mlio anaoujua. Chwaka-chwaka. Chuma kikigonga chuma.

Aligeuka. Mtu alikuwa amempita, anakwenda zake taratibu. Mabega mapana. Kofia ya drafti. Kitu kinang'aa kiunoni.

Damu ilimpanda Pasi mpaka kwenye nywele. Wazo lilimjia kwamba azunguke mbele, amwone uso. Lilikuwa wazo jema, lakini hasira haina subira ya kuzunguka.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Mwizi huyo! Mwenye kofia! Mshikeni!"

Yule mtu aligeuza kichwa nusu, akaona watu wanamrukia kutoka kila upande, akashtuka, akakimbia. Na mtu akikimbia sokoni, kwa macho ya watu amekwisha kukiri. Hakufika mbali. Mmoja alimtega mguu, mwingine akamshika shati, na kundi lote likamfunika.

Pasi alisikia utamu ambao hajawahi kuusikia maishani. Wote hawa, watu wazima wenye nguvu, walikuwa wakimlipia kisasi dada yake kwa neno lake moja! "Mpigeni!" alipaza sauti. "Mpigeni!" Kisha akaanza kujipenyeza kati ya miguu ya watu. Alitaka Funguo amwone. Alitaka ajue ni nani aliyemlipa.

Alipofika katikati, aliuona uso.

Hakuwa Funguo. Alikuwa mtu mzima, masharubu yameanza mvi, mdomo unatoka damu, ameukumbatia mkono wake mmoja kama mtoto mchanga. Kiunoni hakuwa na funguo. Alikuwa na mkanda wa spana.

"Mimi ni fundi bomba," alikuwa akisema. "Jamani, mimi ni fundi bomba tu."

Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema. Mtamu ukiwa unaurusha wewe. Sasa Pasi aliuona ulipochoma. "Siye!" alilia. "Mwacheni, siye yeye!" Lakini sauti ile ile moja iliyowaita watu mia haikuweza kuwarudisha hata mmoja. Walimsukuma kando. "Toka hapa, mtoto, utaumia!" Mtu mmoja alikuwa amekwisha okota gongo.

Pasi alitoka kundini akikimbia. Alipanda juu ya meza ya mitumba, akakanyaga nguo za watu, akampokonya mwuzaji kipaza sauti.

"Siye!" Sauti yake ilivuma mpaka mwisho wa soko. "Huyo si mwizi! Ni mimi niliyepiga kelele, na nimekosea! Mwizi ni dalali Funguo, aliyeiba pesa za chumba cha dada yangu! Huyo mnayempiga ni fundi bomba! Mwacheni! Nimekosea mimi!"

Mikono ilishuka, mmoja baada ya mwingine. Yule mwenye gongo alilitazama kama vile ameshikishwa na mtu mwingine. Kisha, ghafla, kila mtu akakumbuka alichokuja kununua. Dakika chache tu, lile kundi lote lilikuwa limeyeyuka, na fundi bomba ameketi peke yake mavumbini. Mwuza mitumba na mama mmoja mwuza mayai ndio waliomwinua na kumpeleka zahanati.

Mama alipopata habari hakumchapa Pasi. Alizima cherehani, akamkalisha mbele yake.

"Uso wake uliuona?"

"Hapana, mama."

"Ulimtambuaje?"

"Kofia. Na ule mlio."

Mikono ya mama ilikuwa imelala mapajani, jambo lisilo la kawaida kwa mikono ile. "Kwa hiyo," mama alisema, "nusura umuue mtu kwa sababu ya kofia."

Kesho yake walikwenda nyumbani kwa fundi bomba. Mkewe alifungua mlango, akamtazama Pasi kuanzia juu mpaka chini. "Ndiye huyu? Umekuja kuangalia kama amekufa?"

"Tumekuja kuomba radhi, dada yangu," mama alisema, ameinamisha kichwa.

"Radhi haiungi mfupa."

"Waache waingie, mama watoto," sauti ilisikika kutoka ndani.

Fundi bomba alikuwa ameegemea kitandani, mkono umefungwa bandeji, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Pasi alimwamkia. Fundi aliitikia, kisha akasema, "Haya. Niambie kwa nini."

Pasi alieleza yote: cherehani iliyouzwa, funguo nne, alama nyekundu, mchoro ukutani. Hakuacha kitu. Alieleza hata ule utamu alioonja alipopiga kelele ya "mpigeni," na hapo ndipo alipolia.

"Unajua niliwaza nini pale chini?" fundi aliuliza. "Niliwaza watoto wangu wataambiwa baba yao alikufa akiiba. Hilo liliniuma kuliko mateke." Alijiweka sawa kwa shida. "Nina hasira na wewe, mwanangu. Sitakudanganya. Lakini ulirudi. Wengi wakishawasha moto hukimbia, nawe ulirudi kuuzima mbele za watu. Kwa hiyo sitakupeleka kwa polisi. Ila mkono huu hautashika spana kwa muda, na maji ya nyumba hii mimi ndiye ninayeyachota."

"Nitachota mimi," Pasi alisema upesi.

"Mpaka nipone."

"Mpaka upone, fundi."

Mama akachukua ovaroli ya kazi ya fundi iliyochanika akaenda kuishona upya, na Pasi akawa kila akitoka shule anapitia kwa fundi bomba. Alichota maji, akaosha vyombo, akapasua kuni. Mke wa fundi hakumsemesha kwa siku nyingi. Siku aliyompa kikombe cha chai bila kuombwa, Pasi alikinywa polepole, akiogopa kisije kikaisha.

Sasa basi, maneno yakishatoka kwenye kipaza sauti hayarudi ndani. Sokoni siku ile alikuwapo msichana mmoja wa chuo cha ualimu, amekuja kununua sweta. Alilisikia jina la Funguo juu ya vichwa vya watu, akaanza kuuliza mtoto yule ni wa nani. Alikuja dukani kwa mama, akasimama mlangoni akiuma kucha.

"Shikamoo, mama. Nasikia hapa kuna mtoto aliyemtaja dalali Funguo. Mimi pia alinila. Sijamwambia mtu, hata wazazi wangu."

Dada alikuwa ndani anakula. Alikiacha chakula, akatoka. "Na wewe?"

"Na mimi. Nilidhani niko peke yangu, mjinga peke yangu."

Walikumbatiana palepale kati ya cherehani. Keshokutwa yake msichana yule alirudi na mwenzake. Dada naye akawatafuta wale watatu waliokutana mlangoni. Mwisho wa wiki benchi la wateja lilikuwa limejaa wanachuo, na wengine wamekalia marobota ya vitambaa, kila mmoja na hadithi ileile: kofia, asali, miezi sita mkononi, ufunguo usiofungua. Na kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa aibu, huku Funguo akiendelea kuwala mmoja mmoja, kama kuku wanaochinjwa kila mmoja kwenye banda lake.

Walikwenda kituoni kwa pamoja. Safari hii benchi la kituo halikutosha. Askari wa kike, ambaye wote walimwita afande, aliwasikiliza mpaka wa mwisho. Mmoja wa wasichana alikuwa amebandua tangazo kwenye nguzo karibu na chuo: *Vyumba vya wanafunzi, bei ya urafiki*. Namba ya simu ilikuwa mpya.

"Huyu atakuwa ni yeye," afande alisema. "Lakini atakuwa ni yeye haitoshi. Nataka mtu wa kumtambua kabla sijamgusa. Nimesikia ya kule sokoni."

Pasi aliinamisha uso.

"Wewe ndiye?" afande akamuuliza. "Basi wewe na dada yako mtakuja. Aliyejikwaa mara moja hutazama njia vizuri."

Msichana mmoja wa chuo cha uuguzi, ambaye Funguo hakuwa anamjua, alipiga ile namba, akasema anatafuta chumba. Wakapatana mahali na siku. Siku yenyewe afande alivaa nguo za kiraia, akabeba mkoba, akajifanya mama mzazi. Pasi, dada na mama walikaa ndani ya duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo chenye vumbi, mlango wa duka wazi.

Mtu alitokea. Hakuwa na kofia. Ndevu zilikuwa zimemjaa kidevuni, na kiunoni hakuning'inia kitu. Lakini mabega yalikuwa yaleyale.

"Ni yeye?" mama alinong'ona.

Moyo wa Pasi ulisema ndiyo, tena ulipiga kelele. Aliushika kama mtu anayeshika mbwa kwa mkufu. "Sijui bado, mama. Ngoja."

Dada naye alikaza macho.

Yule mtu alivuka barabara, akamfikia msichana, akatandaza mikono. Sauti yake iliingia dukani wazi kabisa: "Karibu, muuguzi mtarajiwa! Na huyu ndiye mama? Mama umeteseka, nakuona usoni!"

Dada na Pasi walitazamana.

"Ni yeye," walisema kwa pamoja.

Mama alitoka mlangoni, akavua kitambaa chake cha kichwa kama ishara waliyopatana na afande. Afande akaweka mkoba chini, na kabla Funguo hajamaliza kutabasamu, pingu zilikuwa mikononi mwake. Mfukoni mwa Funguo walikuta funguo mpya, zote za aina moja, bado zina mafuta ya mchonga funguo.

Watu wakaanza kukusanyika. "Mwizi! Ni mwizi wa wanafunzi huyo! Mleteni huku!" Kijana mmoja aliokota jiwe. Funguo aligeuka rangi. Macho yake yalizunguka, yakatua kwa Pasi, na Pasi akaona kwamba amemkumbuka. Funguo alijikunja kama alivyojikunja fundi bomba kule sokoni. Utamu ule wa siku ile ukamjia Pasi tena, ukamkaa ulimini, ukingoja neno moja tu.

Pasi alimeza mate. "Huyu ana kesi," aliwaambia watu kwa sauti. "Ametuibia wengi, na wote tunataka tusikilizwe. Mkimuumiza hapa, nani atatulipa?"

"Mtoto anasema kweli," mwenye duka la fotokopi aliunga mkono. Yule kijana akalidondosha jiwe taratibu, akajifuta mkono kwenye suruali. Afande akampakia Funguo kwenye gari.

Kesi ilisikilizwa. Bibi mwenye nyumba alikuja kutoa ushahidi na miwani yake. Funguo alihukumiwa kifungo, na ndugu zake wakauza kiwanja chake ili kuwalipa wanachuo. Si wote waliopata chote. Mama alipata zaidi ya nusu, na cherehani ya kudarizi bado iko kwa yule aliyeinunua.

Baada ya hukumu, bibi mwenye nyumba aliwaita wale wanne nje ya mahakama. "Nimelala na jambo hili kifuani," alisema. "Mimi nami nilikuwa nawadai wanafunzi miezi sita kwa sababu kila mwenye nyumba anadai. Kumbe sisi ndio tunaowasukuma mpaka mnaangukia kwa matapeli. Kile chumba ni kikubwa. Ninyi wasichana watatu mkikubali kukaa pamoja, mtalipa mwezi kwa mwezi, na mtagawana. Kijana nitamtafutia kwa jirani yangu."

Dada alihamia Jumamosi iliyofuata. Muhula ule hakuchelewa darasani hata siku moja.

Siku fundi bomba alipokuja kuchukua ovaroli yake, mkono ulikuwa umepona. Aliivaa palepale dukani, akajigeuza mbele ya kioo, akasema mama amemfanya bwana harusi. Pasi alikuwa ameketi karibu na dirisha, hakucheka.

"Una nini, mchota maji wangu?"

"Fundi, Funguo amefungwa, dada ana chumba, lakini mimi bado namchukia. Nikikumbuka alivyotuchekea, bado namchukia."

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. Fundi alivuta kigoda, akaketi.

"Sikukuambia umpende," alisema. "Alikuibieni, hasira yako ni haki yako. Lakini sikiliza. Siku ile sokoni ulipiga kelele mara moja, wakaja watu mia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, 'Huyu ni nani? Amefanya nini?' Pale kituoni afande aliuliza mpaka mkachoka. Hiyo ndiyo tofauti, mwanangu. Kisasi hakiulizi jina la mtu. Haki huanza kwa kuuliza. Ukiwa na hasira, nenda nayo, lakini ipeleke mahali panapoulizwa maswali. Na usiende peke yako, na usione aibu. Aibu ni ya aliyeiba."

Pasi aliyapima maneno yale. "Na wewe, fundi, bado una hasira na mimi?"

Fundi bomba aliukunja na kuukunjua ule mkono uliopona.

"Kidogo," alisema. "Asubuhi kukiwa na baridi."

Pasi aliondoka dirishani, akaenda kuketi karibu naye.